Herufi nene zilizochakaa: kwa nini kila A ina kovu lile lile

Andika neno KAMPALA kwa mojawapo ya fonti zile nene, za mviringo, zenye mabaka kana kwamba zimechapwa kwa mtambo mkuukuu. Likuze lijaze skrini, kisha ziangalie herufi A peke yake. Ziko tatu. Ya kwanza ina kovu jeupe kwenye mguu wa kushoto na vidoa viwili karibu na kilele. Ya pili ina kovu hilo hilo, mahali pale pale. Ya tatu vivyo hivyo. Ukishaliona huwezi tena kutoliona, na bango lililojitia uzee linabaki kuwa kazi ya kompyuta iliyofanywa juzi.

Fonti hizi zimezagaa Uganda: mabango ya matamasha, mifuko ya kahawa, fulana za makanisa na za timu za mtaani, vibanda vya rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) vinavyotaka kuonekana vya kale. Wengi huzijadili kama mambo ya ladha tu, huyu anazipenda na yule hazitaki. Ladha ipo, sikatai. Lakini chini yake kuna jambo la ufundi. Kila aina ya uchakavu wa chapa ilizaliwa na mtambo fulani, wino fulani na karatasi fulani, na fonti iliyochakaa inadai kwamba imepitia humo. Basi kabla ya kuuliza kama inapendeza, uliza inadai imetoka kwenye mtambo gani.

Unene na mviringo

Uchakavu unahitaji nafasi. Mkwaruzo wa nusu milimita ukipita kwenye herufi nyembamba unaikata vipande viwili; ukipita kwenye herufi nene unabaki alama tu, na neno linasomeka. Ndiyo maana fonti za namna hii karibu zote ni nene. Mtengenezaji ananenepesha kwanza, ndipo apate nyama ya kuchuna.

Unene wenyewe ni mtoto wa matangazo. Mwanzoni mwa karne ya 19 wachapaji wa London walikuwa wakigombea macho ya wapita njia, na herufi za vitabuni hazikufua dafu ukutani. Zikaja herufi zilizovimba, na mwaka 1816 William Caslon wa Nne akaonyesha katika katalogi yake herufi zisizo na vijimiguu kwenye ncha, za kwanza za aina hiyo kuuzwa kwa wachapaji. Kilichosumbua ni ukubwa. Herufi kubwa ya madini ya risasi ni nzito na ghali, na risasi ikipoa bila usawa uso wake hubonyea. Mbao ndizo zilizoleta nafuu: mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kutengeneza herufi za mbao kwa wingi kwa mashine ya kuchongea, na mwaka 1834 William Leavenworth akaiunganisha na pantografu, kifaa kinachofuatisha kiolezo kimoja na kukitoa kwa ukubwa unaoutaka.

Hapo mviringo nao ukaingia kwa mlango wa nyuma. Ncha ya kuchongea inayozunguka haiwezi kuacha pembe kali ndani ya herufi. Pembe hizo ilibidi zimaliziwe kwa kisu. Wino nao hauheshimu pembe. Ukigandamizwa unasambaa kidogo nje ya mpaka, unajaza kona za ndani na kulainisha za nje. Miaka mingi baadaye, herufi zilipoanza kupangwa kwa kupitisha mwanga kwenye filamu, mwanga ulifanya yale yale: ulisambaa kwenye kona na kuzila. Kwa hiyo hata herufi iliyochorwa na pembe kali ilifika kwenye karatasi ikiwa imelegea kidogo. Wachoraji wengine waliona heri waanze na mviringo tangu mwanzo.

Mzee wa ukoo huu ni Cooper Black, ya Oswald Cooper, iliyotolewa Chicago mwaka 1922 na kampuni ya Barnhart Brothers & Spindler. Ni nene kupindukia na haina ncha kali hata moja. Ilipendwa ilipotoka, ikapendwa tena miaka ya 1960 na 1970, na ndiyo sababu ukiona herufi nene za mviringo leo akili inakimbilia enzi za santuri na suruali pana.

Mviringo una hatari yake. Tembea Kampala uone vibao vya shule za chekechea: karibu vyote ni vya mviringo, kwa rangi za peremende. Herufi nene ya mviringo iliyo safi inasema "watoto" kabla mtu hajasoma neno. Uchakavu unaiokoa hapo. Mabaka yanaiongezea umri, nao mviringo unayazuia mabaka yasionekane kama tangazo la filamu ya kutisha. Kila kimoja kinapunguza ukali wa mwenzake, na nadhani hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwa fonti hizi kuliko zile zilizochakaa lakini zenye pembe.

Kila mtambo na alama zake

Uchakavu ni kama soli ya kiatu: huisha pale uzito unapokanyagia. Anayejua mitambo anaweza kuangalia doa akakwambia limetoka wapi.

Chapa ya herufi zilizoinuka, ziwe za risasi au za mbao, huacha ukingo mweusi kuliko katikati, kwa sababu wino husukumwa kuelekea pembeni. Herufi za risasi kwa vipimo vya Uingereza na Marekani zina kimo cha milimita 23.3 hivi, na herufi iliyolika ikapungua hata unywele hutoka imefifia mpaka mchapaji aweke karatasi chini yake kuiinua. Za mbao huliwa kwenye kona kwanza, na wino ukiwa haba mishipa ya mti hujitokeza kama mistari ya weupe. Unyoya au chembe ya vumbi ikinasa juu ya herufi huacha doa lenye duara jeupe kulizunguka.

Stensili, yaani karatasi yenye matundu yanayopitisha wino, ni hadithi nyingine. Watu wa umri fulani Afrika Mashariki wanajua saiklostaili, ile mashine ya kurudufu mitihani na barua za vikao. Jina limetokana na kifaa cha David Gestetner, mzaliwa wa Hungary aliyefanyia kazi zake London, ambaye alikipatia hataza mwaka 1881. Baadaye, taipu ilipoanza kutumika kutoboa stensili ya nta, herufi zenye tumbo ndizo zilizoumia: taipu ikikata duara lote la o, kile kipande cha katikati kinadondoka, na kwenye karatasi inatoka nukta nyeusi iliyojaa. Fonti inayojifanya ya saiklostaili lakini matumbo yake yote ni meupe na safi haijawahi kuiona saiklostaili.

Mrithi wake ni Risograph ya kampuni ya Kijapani Riso Kagaku, ambayo bado inafanya kazi katika ofisi nyingi za shule nchini. Nayo ni stensili, ila matundu hutobolewa kwa joto na wino hutoka ndani ya pipa linalozunguka, rangi moja kwa pipa moja. Kwa kuwa wino unapitia matundu madogo, eneo kubwa la rangi huwa na chembechembe kila mahali, sawasawa, bila kujali kona wala kati. Wino huo haukauki haraka. Unakaa juu ya karatasi isiyong'aa na kuchafua vidole.

Fotokopi za zamani zina tabia ninayoipenda kuliko zote. Ndani ya mashine, unga mweusi huvutwa na umeme tuli, na mvuto huo huwa mkali zaidi kwenye mpaka kati ya nyeusi na nyeupe. Matokeo yake herufi nyembamba hutoka vizuri, bali herufi nene hutoka na ukingo mweusi na tumbo lililopauka. Tofauti kati ya hiyo na chapa ya risasi ni ndogo, kwa sababu zote zina kingo nyeusi. Utazitofautisha kwa vumbi, kwani fotokopi hutapanya vidoa hata nje ya herufi, kwenye karatasi tupu.

Chapa ya skrini, ile ya fulana ambapo wino hupenyezwa kwenye kitambaa cha wavu, ina matundu ya sindano na kingo zenye meno ya msumeno pale uzi wa kitambaa hicho ulipozuia wino. Ofseti, chapa ambayo wino hutoka kwenye bamba kupitia mpira hadi karatasini, na ambayo ndiyo kazi kubwa ya mitambo ya Nasser Road, mtaa wa wachapaji pale Kampala, haina mchango mkubwa hapa: ikifanya kazi vizuri ni safi, na ikiharibika hutia ukungu karatasi nzima.

Sasa rudi kwenye fonti uliyoipakua. Mara nyingi utakuta mishipa ya mti, vumbi la fotokopi na matundu ya skrini vyote ndani ya herufi moja. Ni mchanganyiko ambao hakuna karakana iliyowahi kuutoa. Msomaji wa kawaida hatakueleza kosa liko wapi, lakini atahisi kitu hakikai sawa.

Uchakavu unavyoingizwa ndani ya herufi

Herufi ya kompyuta ni mstari wa mpaka tu. O laini hutosheka na nukta 8, nne za nje na nne za ndani, na mikunjo inayoziunganisha. Kuichakaza, mtengenezaji huchapa kitu halisi, mara nyingi kwa mhuri au rola, anakiskani, anakigeuza kuwa nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu, kisha programu ya kuchorea kama Inkscape inafuatisha mpaka wa kila doa. Madoa hayo hutolewa kwenye umbo la herufi. Ile O ya nukta 8 sasa ina mamia, pengine maelfu. FontForge, programu ya bure ya kutengenezea fonti, itaikubali, ila utaona inavyohema.

Kuna njia ya mkato: kuchukua fonti safi na kuipitisha kwenye kichujio cha uchakavu. Mfano unaopatikana bure ni Rubik, fonti yenye kona zilizolegezwa ya Philipp Hubert na Sebastian Fischer. Ilipanuliwa baadaye kuwa familia ndefu ya ndugu walioharibiwa kwa namna mbalimbali, wakiwemo Rubik Distressed na Rubik Dirt. Ukitaka kujifunza, andika neno moja kwa Rubik nene na chini yake kwa Rubik Distressed, ulinganishe mipaka.

Na hapa ndipo kovu la A linapotokea. Kwenye sanduku la mchapaji, A zilikuwa vipande vingi, kila kimoja na maisha yake: kimoja kiliangushwa, kingine ni kipya. Ndani ya faili la fonti, A ni moja, na kila ukibonyeza kitufe inarudi hiyo hiyo. Kiingereza kinalificha tatizo hili kwa kiasi. Kiswahili hakifichi. Silabi zetu karibu zote huishia kwa vokali, kwa hiyo karibu nusu ya herufi kwenye bango ni vokali, na a ndiyo inayotawala. Andika TAARIFA, uone pacha wawili wamesimama bega kwa bega. Kiganda kina konsonanti za kurudiwa: JJAJJA inakupa J nne zenye jeraha moja.

Kuna la ziada hapo. Viwanda vya Ulaya viliuza herufi za risasi kwa hesabu ya Kiingereza, yaani e tele, na k na w chache. Alexander Mackay, mmisionari wa Kiskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, alikuwa na mtambo mdogo wa chapa, na kabla ya vitabu vya Kiganda kuwepo yeye na wenzake walitumia Kiswahili, kwa tafsiri za Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Karne ya 20 ilipoanza magazeti yakafuata: Ebifa mu Buganda mwaka 1907, Munno mwaka 1911. Ukipanga lugha za Kibantu kwa sanduku lililohesabiwa kwa Kiingereza, zile a na k zisizotosha zinafanya kazi mara dufu, na kinachofanya kazi zaidi ndicho kinachochakaa zaidi. Kwa hiyo fonti iliyochakaa kwa uaminifu, ikiwa ya Kiswahili, ingekuwa na A iliyoliwa sana na Q iliyo mpya kabisa. Sijaona aliyeitengeneza. Natamani mtu wa hapa aijaribu.

Dawa ya pacha ilitafutwa mapema. Mwaka 1990 Waholanzi wawili, Erik van Blokland na Just van Rossum, walitoa Beowolf, fonti iliyoamrisha printa isogeze mipaka ya herufi kwa bahati nasibu, hivi kwamba hakuna herufi mbili zilizofanana. Programu za baadaye hazikukubali ujanja huo. Tulichobaki nacho ni OpenType, muundo wa faili za fonti uliotangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996: mtengenezaji anaweka matoleo mawili au matatu ya kila herufi, na programu inayabadilisha yenyewe herufi inaporudiwa. Angalia kwenye programu yako kama herufi mbadala zimewashwa. Fonti zenye herufi kubwa tu zina desturi ya kuficha toleo la pili kwenye vitufe vya herufi ndogo. Ukiandika KAMPaLA, ile A ya katikati inabadilika. Ya kwanza na ya mwisho bado ni pacha, ila angalau ziko mbali.

Mimi, kwa neno kubwa la kichwa, naona bora kutumia fonti safi na kuweka juu yake tabaka moja la uchakavu linalofunika neno zima. Hakuna A itakayorudia. Zaidi ya hapo, tabaka linatatua jambo ambalo fonti haiwezi: ukubwa. Mishipa ya mti ina upana ule ule, herufi iwe kubwa au ndogo. Kwenye fonti, ukiikuza herufi mara nne mikwaruzo nayo inakua mara nne. Kichwa cha bango kinakuwa na mabaka kama kiganja, na tarehe iliyo chini ina vumbi laini, ilhali vyote viwili vinadai kutoka mtambo mmoja. Kama huna budi kutumia fonti iliyochakaa, itumie kwa mstari mmoja tu na iliyobaki iwe safi.

Kutoka skrini hadi mtaani

Fundi wa stika anachukia fonti hizi, na ana haki. Plotta inakata kwa kisu, ikifuata kila mpaka. Neno moja la kubandika kwenye kioo cha teksi linaweza kuwa na vidoa elfu, na kila kidoa ni kipande cha vinili cha kung'olewa kwa kibano. Vingine ni vidogo mno, vinanyanyuka pamoja na herufi. Kwa stika ya kukata, peleka herufi safi. Kama uchakavu ni lazima, iwe stika ya kuchapwa.

Kwenye fulana mambo ni mazuri zaidi. Herufi nene iliyojaa wino kifuani ni nzito, haipitishi hewa na hupasuka baada ya kufuliwa. Mabaka yanapunguza wino na kuficha nyufa zitakapokuja. Tatizo ni udogo wa vidoa. Skrini ya kawaida ya fulana ina nyuzi 43 kwa sentimita, yaani milimita 0.23 kutoka uzi hadi uzi, na doa lisilofikia nafasi kama mbili hivi halina pa kushikilia. Futa madoa ya namna hiyo kabla ya kutoa filamu, la sivyo skrini itajichagulia yenyewe.

Tangazo la WhatsApp ni adui ambaye wachoraji wengi hawamfikirii. Picha ikitumwa inabanwa, na ubanaji wa JPEG unashindwa hasa penye vitu vidogo vingi vyenye mipaka mikali, ambavyo ndivyo uchakavu wenyewe. Baada ya kusambazwa kutoka kundi hadi kundi, mabaka yanageuka matope ya kijivu kando ya herufi, na kwenye simu ndogo tumbo la e linaziba. Tazama kazi yako kwenye simu ya bei nafuu, baada ya kuituma, kabla ya kuipitisha. Kuachanisha herufi kidogo kunasaidia, maana maneno yetu yamejaa a, e na o, na zikibanana mstari unakuwa bonge moja jeusi.

Leseni isomwe. Fonti nyingi zinazoitwa za bure ni za bure kwa matumizi binafsi tu. Bango la mgombea au pakiti ya kahawa ya kuuza si matumizi binafsi. Zenye leseni huria ya SIL (SIL Open Font License) zinaruhusu biashara.

Halafu kuna herufi zisizokuwepo. Uchakavu ni kazi ya mkono, herufi kwa herufi, kwa hiyo watengenezaji huishia kwenye alfabeti ya Kiingereza. Kiganda kinahitaji Ŋ, na ndege aliye kwenye bendera ya Uganda ni eŋŋaali. Kiswahili kinahitaji alama ya juu ya ng'ombe, tena iliyochakaa kama wenzake. Bei zetu zinahitaji mkwaju na alama ya usawa. Kabla ya kulipia fonti, andika mstari huu kwenye kisanduku cha majaribio: NG'OMBE, EŊŊAALI, TAARIFA, 10,000/=. Ikiwa Ŋ imetoka nyembamba na nyororo katikati ya majirani wenye makovu, fonti haina herufi hiyo, na programu imeiazima kwingine bila kukuuliza.